Ulinganisho: kuziba, mitego, paka au sumu kwa nyumba yenye panya na mtoto mdogo?

Mpangaji_Kihonda
Ndugu wanajukwaa, nakaa Kihonda, Morogoro, katika nyumba ya kupanga ambayo vyumba vyake vimepangana mstari mmoja na dari lao ni moja. Mtoto wangu ndiyo kwanza anatambaa. Usiku panya wadogo huingia jikoni na kutoboa mifuko ya unga na mchele. Jirani mmoja ananishauri ninunue sumu ya unga inayotembezwa mtaani, mwingine anasema nifuge paka, na dukani nimeoneshwa kifaa cha kuchomeka kwenye umeme ambacho inadaiwa huwafukuza kwa mlio usiosikika na binadamu. Ningependa kujua ipi itangulie, ipi ni ya hatari na ipi ni kupoteza fedha.

FundiDari
Kuziba ndiko kutangulie, kwa sababu njia nyingine zote hushughulika na panya ambaye tayari yumo ndani. Panya mdogo hupenya tundu lenye upana wa milimita 6 hivi, kwa hiyo kagua nyumba ukiwa na kalamu ya risasi mkononi: tundu lolote inamopita kalamu, naye anapita. Anza na uwazi wa chini ya mlango, kisha mahali mabomba ya sinki yanapotoboa ukuta, halafu juu, pale bati linapokutana na ukuta nyuma ya fisha bodi (ubao unaofunika kingo za paa), ambapo mafundi wengi huacha wazi kwa sababu hapaonekani kutoka chini.

Usizibe kwa matambara wala kwa povu la kupuliza peke yake, kwani vyote hutafunwa. Shindilia stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha piga plasta juu yake. Kwenye matundu ya hewa weka wavu wa chuma wenye vitundu vidogo ili hewa iendelee kupita, na chini ya mlango pigilia kipande cha bati. Kwa kuwa dari lenu ni moja, mwombe mwenye nyumba azibe mstari mzima kwa pamoja. Ukiziba chumba chako tu, utapata nafuu, lakini watabaki juu yako.

Mkulima_Kilosa
Naunga mkono, ila niongeze kwamba chakula kilichoachwa wazi kitawafanya watafute njia mpya kila siku. Hamishia unga na mchele kwenye ndoo ngumu zenye mifuniko inayobana. Hata mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, ambayo inazuia dumuzi (mdudu anayetoboa nafaka) vizuri sana, panya huitoboa.

Kwa waliomo ndani natumia mitego ya kubana. Panya hupenda kutembea akigusa ukuta, hivyo mtego ukae kandokando ya ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani. Chambo kiwe kidogo na kifungwe vizuri: siagi ya karanga, dagaa wa kuchoma au kipande cha nazi iliyochomwa. Tega mingi kwa wakati mmoja, kwa sababu jike huzaa baada ya wiki tatu tu za mimba, na mtego mmoja hauwezi kushindana na kasi hiyo. Kwa ajili ya mtoto, tega usiku nyuma ya jiko au ndani ya boksi lenye tundu dogo, na utegue asubuhi. Mtego wa gundi siupendi hata kidogo. Mnyama huteseka kwa saa nyingi, na vifaranga hunasa pia.

Kuhusu paka, utafiti uliofanyika Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 uligundua kwamba panya walipunguza kula kwenye kaya zenye paka na mbwa kwa pamoja, lakini paka peke yake au mbwa peke yake hakuleta tofauti kubwa.

BwanaAfya
Dada, nakuomba sana usiingize ndani sumu isiyo na lebo. Mtoto anapoimeza, daktari hajui atibu nini. Sumu zinazozuia damu kuganda zina vitamini K1 kama tiba, na kwa sababu huua polepole, kuna muda wa kumwahisha mgonjwa hospitali. Fosfidi ya zinki, aina nyingine ya sumu ya panya, ni jambo jingine kabisa: ikikutana na asidi ya tumbo hutoa fosfini, gesi yenye sumu, na haina dawa mahususi ya kuipindua. Anayelazimika kutumia sumu achague iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), aiweke katika kisanduku kinachofungwa kwa ufunguo, na atunze pakiti yake. Akumbuke pia kwamba panya aliyekula sumu anaweza kufia darini na kunuka, au akaliwa na paka au bundi.

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuwekwa kwenye nguo, nayo iacheni. Haiwazuii panya, na kwa watoto wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kuhusu vifaa vya mlio, mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Marekani iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuwakumbusha kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Fedha hiyo nunua ndoo.

Mama_Usambara
Kwa sisi wa Lushoto, ambako tauni imewahi kuua watu wengi tangu 1980, kuna tahadhari moja zaidi. Tauni huenezwa na viroboto wa panya, na panya akifa, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo mahali penye tauni viroboto huuawa kwanza, ndipo panya wafuate, na anayeona panya wanajifia ovyo asiwaguse, bali atoe taarifa kituo cha afya.

Mpangaji_Kihonda
Nawashukuru. Mwenye nyumba amekubali kuleta fundi. Je, kinyesi kilichojaa nyuma ya kabati nikifagie tu?

BwanaAfya
Usifagie kikiwa kikavu, kwa maana vumbi lake huvutwa puani. Fungua madirisha, vaa glavu, lowesha kwa jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika tano, kisha futa kwa karatasi na uifunge kwenye mfuko. Mkojo wa panya ndio hueneza homa ya mgunda (leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria), iliyoua watu watatu Lindi mwaka 2022, kwa hiyo usiingie kwenye kazi hiyo ukiwa na kidonda kilicho wazi, na vyombo vilivyokuwa kabatini vioshwe kwa sabuni kabla ya kupakulia.