Shotigani ya geji ndogo kwa sahani za udongo na ndege wa porini: 20, 28 au .410?

Mlengaji_Mpya

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Hadi sasa nimekuwa nikitumia shotigani ya geji 12 ya kuazima kwenye kiwanja cha kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani, na nikimaliza mizunguko miwili ya sahani 25 bega huniuma kiasi kwamba naanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Umbo langu ni dogo na mikono yangu ni mifupi. Nimepata kibali cha kumiliki bunduki moja, na ningependa iwe hiyohiyo nitakayoitumia kwa sahani na kwa kuwinda kwale na njiwa kwa miguu, kazi ambayo itanilazimu kuibeba kwa saa nyingi. Wapo walioniambia kwamba .410 ndiyo ya wanaoanza kwa sababu haina teke, wengine wanaisifu geji 28, na wengine wanasema nibaki na geji 12 nibadili katriji tu. Nichukue ipi, na kwa sababu gani?

Fundi_wa_Mitutu

Karibu jamvini, ndugu. Kwanza tuziweke sawa hizo namba. Kwa kanuni ya kale, ukigawa pauni moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453.6, katika vitufe 12 vilivyo sawa, kitufe kimoja kinaenea barabara ndani ya mtutu wa geji 12. Ukigawa katika vitufe 20, kimoja kinaenea mtutu wa geji 20. Ndiyo maana namba inapopanda mtutu unakuwa mwembamba: geji 12 ina kipenyo cha milimita 18.5 hivi, geji 20 milimita 15.6, na geji 28 milimita 14. Hiyo .410 haimo katika hesabu hii, kwa kuwa ni kipenyo chenyewe kilichoandikwa kwa inchi, takriban milimita 10.4.

Teke, hata hivyo, halitokani na upana wa mtutu. Linatokana na uzito na kasi ya marisawa, yaani vile vitufe vidogo vilivyomo ndani ya katriji, yanayotoka mbele, yakipambanishwa na uzito wa bunduki iliyo begani. Katriji yenye gramu 28 za marisawa ikifyatuliwa katika bunduki ya kilo 3.4, kisha nyingine iliyo sawa nayo kwa kila hali ikafyatuliwa katika geji 20 ya kilo 2.7, nishati ya teke katika ile nyepesi itazidi kwa karibu robo nzima. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa geji 20 wanapokwama: wanachukua bunduki nyepesi kwa ajili ya kutembea nayo, wanaijaza katriji nzito ili ifanye kazi ya geji 12, kisha wanashangaa bega linauma kuliko zamani.

Kwa mahitaji yako nashauri geji 20 ya mitutu miwili iliyopandana, yenye uzito wa kilo 2.9 au 3, pamoja na katriji za gramu 21 hadi 24. Usidhani gramu 24 ni kidogo, kwani hicho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa walengaji wa sahani katika Olimpiki, nao hutumia geji 12. Ukichagua, uliza pia kama bunduki imejengwa juu ya kiunzi (mwili wa chuma unaoshika mitutu) chake chenyewe cha geji 20, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huchukua kiunzi cha geji 12 na kukifungia mitutu ya geji 20, na hapo unabeba uzito uleule uliotaka kuukimbia.

Kuhusu wanaokuambia ubaki na geji 12 na kubadili katriji, hawajakosea. Geji 12 yenye uzito wa kutosha, ikipewa katriji za gramu 21, hupiga kwa upole sana, na ungekuwa mlengaji wa sahani peke yake ningekubaliana nao. Kinachonifanya nisikubali ni hizo saa za kutembea.

Kwale_na_Njiwa

Naunga mkono geji 20, lakini niseme kwa uzito kuhusu .410, kwa kuwa ushauri wa kuwapa wanaoanza bunduki hiyo unawavunja moyo watu wengi. Ni kweli teke lake ni dogo. Lakini katriji yake ya kawaida ya sahani ina gramu 14 tu za marisawa. Kwa marisawa ya milimita 2.4 hizo ni chembe 175 hivi, wakati gramu 24 zina karibu 300. Tena chembe hizo chache hupangana katika safu ndefu ndani ya mtutu mwembamba, kwa hiyo zikitoka husambaa kwa mapengo. Sahani yenye kipenyo cha milimita 110 hupita katikati ya mapengo hayo bila kuguswa hata pale ulipolenga sawasawa, na anayeanza hawezi kujua kama kosa ni lake au ni la katriji. Porini hali ni mbaya zaidi, maana ndege hujeruhiwa na kwenda kufia vichakani. Hiyo ni bunduki ya fundi anayejua kungoja mpaka ndege awe karibu.

Geji 28 ni habari nyingine. Gramu 21 zinakaa vizuri sana katika kipenyo chake na mtawanyiko wake ni wa kupendeza. Shida ni kwamba katriji zake haziko kila duka, na mahali ambapo marisawa ya risasi yamepigwa marufuku geji ndogo zote hupata tabu, kwa sababu chuma ni chepesi kuliko risasi, hivyo unahitaji chembe kubwa zaidi, na katika ganda dogo zinaenea chache. Mwenye bunduki moja tu asijifunge huko.

Mlengaji_Mpya

Nawashukuru sana wakuu. Nimeshawishika na geji 20. Je, kitako nikipime vipi, na choki ziwe zipi kwa kazi zote mbili?

Fundi_wa_Mitutu

Kitako ndicho kitakachoamua kama utaipenda bunduki hiyo. Hakikisha kwanza haina katriji, kisha simama wima, fumba macho, ipandishe begani mpaka shavu litue juu ya kitako, ndipo ufumbue. Jicho lako la kulengea linapaswa kuona ubapa wa juu wa mtutu ukinyooka hadi kwenye shanga ya mbele, bila wewe kuinua wala kukandamiza kichwa. Ukiona sehemu ya nyuma ya bunduki imeziba shanga, shavu limekaa chini mno. Kwa mikono mifupi kitako kinaweza kukatwa, ila mkabidhi fundi, na kumbuka kwamba kukikata kunahamishia uzito mbele.

Choki, yaani mbano wa mdomoni mwa mtutu, iwe ya kubadilishika. Anza na mbano wa robo kwenye mtutu wa kwanza na wa nusu kwenye wa pili, kisha ijaribu bunduki kwenye karatasi pana yenye duara la sentimita 75, ukisimama umbali ambao wewe hupiga.

Msimamizi_wa_Kiwanja

Niongeze jambo ambalo halijaguswa, nalo ni la uhai. Kwa kuwa kiwanjani utakuwa na wenzako wa geji 12, katriji zenu zisichanganyike kamwe. Katriji ya geji 20 ikitumbukizwa katika mtutu wa geji 12 haianguki nje. Huteleza kupita chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa katriji, na kukwama mbele yake, mahali ambapo haionekani kwa urahisi. Mtu hubonyeza, hasikii mlio, hudhani hakuweka kitu, huingiza katriji ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, na mtutu hupasuka karibu na mkono wake wa mbele. Geji 28 ndani ya geji 20 inaweza kuleta maafa hayohayo. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 kwa desturi hutengenezwa kwa rangi ya njano. Tafuta za njano, ziwe na mkoba wake, na siku utakapoazima tena geji 12, pekua kila mfuko wa koti kabla ya kuingia kwenye mstari.