Jino linadunda usiku nikilala tu, damu inatoka wapi humo ndani?

Gego_la_Kulia: Wakuu, gego langu la chini limetoboka. Mchana linavumilika, natafunia upande wa pili. Nikiweka kichwa kwenye mto linaanza kudunda sawasawa na mapigo ya moyo. Nikisukutua maji baridi natulia kidogo, chai ya moto ndiyo usiseme. Jino si gumu kama mfupa? Damu inafuata nini humo, na nani anaiamuru iongezeke?

MamaShufaa: Pole mwaya. Loweka pamba kwenye mafuta ya karafuu uibane hapo, ila kwa daktari uende.

Tabibu_Kinywa: Pole sana mkuu. Katikati ya jino kuna kiini, nyama laini inayopitisha damu nyingi ajabu: gramu 100 za nyama hiyo zingepitisha takriban mililita 40 hadi 50 kwa dakika, karibu sawa na ubongo. Damu hiyo inaingilia kwenye ncha ya mzizi, kwa tundu ambalo mara nyingi halifiki nusu milimita.

Wanaoiamuru ni neva za aina mbili. Za kwanza zinatoka kwenye fundo la neva shingoni. Zinamwaga kemikali iitwayo noradrenalini na mishipa inabana. Za pili ni zilezile zinazokupa maumivu, na hapa ndipo wengi hawapajui. Neva ya maumivu haipeleki taarifa kichwani tu. Ikichokozwa na bakteria wa tundu lako, inamwaga palepale kemikali kama CGRP na sabstansi P, mishipa inatanuka na maji ya damu yanavuja. Kuta za jino hazitanuki, kwa hiyo shinikizo linapanda na kila pigo la moyo unalisikia. Ukilala, damu inafika kichwani kwa nguvu zaidi na zile neva za kubana zinalegea. Joto linatanua mishipa, baridi inaibana.

Gego_la_Kulia: Kwa hiyo uvimbe unanyonga mishipa mpaka jino linakufa?

Tabibu_Kinywa: Ndivyo ilivyofundishwa zamani. Vipimo vikaonyesha shinikizo linapanda pale penye uvimbe tu. Pembeni yake kiini kinaweza kuwa salama kabisa, kwa sababu maji yanarudishwa kwenye mishipa midogo ya damu. Kiini kinakufa kipande kwa kipande. Ndiyo maana nakazana na wagonjwa waje mapema.

MamaShufaa: Na ganzi je? Si inazuia hiyo damu?

Tabibu_Kinywa: Swali zuri dada. Ganzi nyingi zina adrenalini kidogo, sehemu 1 kwa 80,000 au 100,000. Inabana mishipa, na damu ya kiini inashuka sana kwa muda. Kiini chenye afya kinarudi sawa dawa ikiisha.

Mkuu, kwa dalili hizo, hasa hiyo ya baridi kukutuliza, kiini kimeshaumia vibaya. Uliza kuhusu matibabu ya mzizi kabla ya kukubali kung'oa. Na maumivu yakikatika ghafla bila tiba, usifurahi: huenda neva zimekufa na usaha unaanza kujikusanya chini ya mzizi. Nenda kesho asubuhi.

Gego_la_Kulia: Nimekuelewa daktari. Kesho nipo kliniki.