Tekscha za ndege: GIMP au Blender?

Mwewe_Bluu
Wakuu, napaka ndege ya abiria ya X-Plane, mchezo wa kuigiza urubani; tekscha, yaani picha inayofunika modeli, ni ya pikseli 4096 kwa 4096. Nimetumia GIMP, programu ya kuhariri picha, tangu mwanzo na bodi imependeza. Shida ni mstari mwekundu unaotoka puani kupanda hadi mkiani: unakatika pale bodi inapokutana na mkia. Jana nimeusogeza pikseli mbilimbili jioni nzima. Nikipatia kushoto, kulia unaharibika. Nihamie Blender, ile programu ya modeli za 3D?

BawaLaKushoto
Kwa mstari huo, hamia. Ndani ya GIMP unaiona ngozi ya ndege ikiwa imechunwa na kutandazwa, bodi huku, mkia kule. Blender unapaka juu ya modeli yenyewe na brashi inavuka mshono moja kwa moja. Sharti modeli yako ifunguke humo. Si zote hufunguka.

Fundi_Ribiti
Mimi siachi GIMP. Maandishi yaliyopakwa Blender hutoka na ukungu, na namba ya usajili yenye ukungu inaharibu ndege nzima. Herufi na nembo zichore Inkscape, programu ya michoro ya vekta, ziingize GIMP, kila moja na leya (tabaka) yake. Ribiti na vivuli vya paneli vikae leya ya juu, modi ya kuzidisha (Multiply, hutia giza rangi iliyo chini), usivichanganye kamwe na rangi. Blender naitumia kuweka alama tu: nachora mstari mwembamba juu ya modeli, nahifadhi PNG, kisha naufuatisha GIMP.

Mwewe_Bluu
Modeli inafunguka, asante. Na mwishoni nihifadhi PNG au DDS?

BawaLaKushoto
X-Plane inasoma zote. Ukijaribu, PNG. Ukimaliza, DDS: picha ya ukubwa huo bila kubanwa inakula MB 64 za kadi ya picha, ikibanwa ndani ya DDS kwa DXT5 inakula 16, kwa DXT1 inakula 8.

Fundi_Ribiti
Ila DXT hubana kwa vipande vya pikseli 4 kwa 4, kwa hiyo kingo za nyekundu juu ya nyeupe huchafuka. Tunza faili la XCF, lile la GIMP lenye leya zote, utoe DDS kutoka humo kila mara. Ukibana DDS juu ya DDS, uchafu unaongezeka.

Mwewe_Bluu
Nimefuata njia ya Fundi. Kumbe mkia umetandazwa kwa kipimo kidogo kuliko bodi: mstari wa pikseli 40 kwenye bodi ulitakiwa kuwa 31 mkiani. Sasa umenyooka pande zote mbili.