Naomba ushauri: hadithi zangu za sauti, watu wanaijadili sauti tu
Wakuu habari zenu, mi naandika hadithi za kubuni halafu kuna dada ananisomea tunazirusha kama audio. Zilipokuwa za maandishi watu walikuwa wanabishana kuhusu kisa chenyewe, saivi komenti karibu zote ni za sauti, eti mama wa kambo kasikika mpole mno, eti dada anakimbiza maneno. Kuna sehemu mtoto anagonga mlango usiku hafunguliwi, niliiandika kwa sentensi fupi fupi makusudi, ila kwenye audio imepita haraka na muziki umeifunika, na hapo ndo wengi wanaachia kusikiliza. Inaniuma sana maana dada anajituma kweli. Sasa nimwelekeze mstari kwa mstari, au niandike upya kwa ajili ya sikio, maana msikilizaji harudi nyuma kirahisi kama msomaji? Mliowahi kufanya hizi kazi naombeni msaada.