.300 Win Mag kwa kulungu: greini 150, 165 au 180?

Mnyamwezi_PA
Wakuu, habari za jioni. Naishi Lancaster, Pennsylvania, na huu ni msimu wangu wa tatu wa kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Bunduki yangu ni .300 Winchester Magnum, mtutu wa inchi 24, niliuziwa na jirani mzee aliyeacha kuwinda.

Mwaka jana nilitumia greini 150 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi, kile kinachoruka), zile za bei nafuu zenye ncha laini. Jike akanitokea hatua kama arobaini, nikampiga begani. Alianguka palepale. Lakini tulipomchuna mimi na mke wangu, bega la upande ule lilikuwa uji wa damu na vipande vya mfupa, na la upande wa pili nusu yake imeharibika vilevile. Nyama ya wiki nzima ilikwenda jalalani. Iliniuma sana, maana mimi nawinda kwa ajili ya jiko, sitafuti pembe.

Msituni kwetu sioni mbali zaidi ya yadi 100, ila pembeni kuna shamba la mahindi ambako naweza kupiga yadi 250. Nipande hadi 165 au niende moja kwa moja 180? Dukani waliniambia 180 itamtoboa kulungu ipite bila kufunguka.

Mzee wa Kilombero
Pole kijana wangu. Nimefuata nyayo kwa ajili ya wageni wa uwindaji miaka kumi na tisa, Kilombero na Selous. Kwa nyati walibeba .375 na kuendelea, lakini kwa kongoni na swala pala wengi walikuja na hiyo hiyo .300 yako. Aliyekuja na 180, jioni tulikuwa kambini tunakula. Aliyekuja na vichwa vyepesi vya kupasuka, mimi nilibaki porini na tochi natafuta matone ya damu kwenye majani, kwa sababu risasi imepasukia kwenye mfupa na haikufika kwenye mapafu.

Swala pala hana tofauti kubwa ya uzito na huyo jike wako, na 180 ilimwangusha vizuri. Kupita si kosa. Tundu mbili zinamwaga damu kuliko moja, na damu ndiyo njia yako ya kumfikia. Chukua 180.

Dada_Boise
Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu tundu mbili, ila kwa heshima niongeze kitu, kwa sababu nadhani tunaulaumu uzito kwa kosa la mwendo.

Mnyamwezi, soma pakiti yako. Greini 150 kwenye .300 hutoka na futi kama 3,290 kwa sekunde, na 180 hutoka na 2,960 hivi. Kwa hatua arobaini hiyo 150 ilikuwa bado inakaribia 3,200. Kichwa laini, chenye moyo wa madini ya risasi uliovikwa tu koti jembamba la shaba, kikigonga mfupa kwa mwendo ule kinasambaratika. Bunduki za Magnum, yaani za baruti nyingi, zilitengenezwa kwa ajili ya mbali. Aina hii yako ilitoka 1963, na ile 7mm Remington Magnum yangu 1962. Ukimleta mnyama karibu, ndipo kichwa kinapopata adhabu kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza greini ngapi, uliza kimejengwaje. Kuna vile ambavyo moyo wake umegandishwa kwenye koti usiachane nalo. Kuna Nosler Partition, ya tangu 1948, yenye ukuta wa shaba katikati: mbele inafunguka, nyuma inabaki nzima na kuendelea kupenya. Na kuna vya shaba tupu kama vya kampuni ya Barnes. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha shaba cha greini 150 ni kirefu, hakipotezi uzito wake njiani, na hupenya kama cha kawaida kilicho kizito zaidi. Ndiyo maana 150 na 150 si kitu kimoja.

Mimi Idaho nawinda kulungu wa masikio makubwa kwenye mabonde, mara nyingi yadi 250 hadi 300. Nilianza na 140 laini, nikahamia 160 ya kugandishwa, na sijatupa bega tangu hapo. Kwako ningechukua 165 ya aina hiyo. Na usiogope shamba la mahindi: ukiipangia bunduki yadi 200, yaani igonge pale pale unapolenga kwa umbali huo, kwa 250 uzito wote huo mtatu hushuka inchi tatu hivi. Tofauti kati yao haizidi upana wa kidole.

Ndugu_Bukavu
Ndugu zangu, wanaosoma hapa na wanaishi Ohio kama mimi: huku kulungu hapigwi kwa .300 hata kidogo. Sheria inaruhusu raifali za risasi zenye ganda lililonyooka tu, si hizi ambazo ganda lake linabanwa shingo karibu na kichwa. Nilikuwa nimeshanunua yangu ndipo nikasoma kitabu cha kanuni. Someni kwanza, halafu ndiyo muende dukani.

Abu_Salma
Assalamu alaykum. Mimi mtu wa Mombasa, sasa niko Maine. Kwetu uwindaji ulifungwa 1977, kwa hiyo nimejifunzia huku ukubwani.

Kaka Mnyamwezi, mbona hakuna aliyegusa mahali ulipopiga? Umepiga begani. Rudi nyuma ya bega kwa upana wa kiganja, theluthi ya chini ya kifua, hapo ni mbavu na mapafu tu. Nyama utakayopoteza ni ya mbavu kidogo. Natumia 180 za kawaida kabisa, za bei nafuu, na mabega yote mawili hufika jikoni. Atakimbia hatua thelathini, pengine themanini, lakini ataanguka.

Kitu kingine, una watoto? Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota iliziambia ghala za chakula cha msaada zitupe nyama ya kulungu ya kusaga, kwa sababu vipande vidogo vya madini ya risasi vilikutwa ndani. Tangu nisome hayo, nyama iliyo karibu na tundu siisagi kamwe, naikata na kuitupa. Ukiweza kumudu shaba tupu, nunua. California wamewakataza wawindaji wote kutumia vichwa vya madini ya risasi tangu 2019.

Dada_Boise
Sawa kaka, ila msituni mnyama hasimami ubavu kila mara. Akigeuka kidogo, bega liko njiani. Hapo kichwa imara ndicho kinachokuokoa.

Mnyamwezi_PA
Asanteni sana wote. Watoto ninao, wawili. Jumamosi nilikwenda uwanja wa shabaha na pakiti mbili. 180 za kugandishwa zilitawanyika inchi mbili na nusu kwa yadi 100. 165 za kugandishwa, tatu zikaingia ndani ya inchi moja na robo, na bega langu pia lilizipokea vizuri zaidi. Nilikuwa nimeanza kufumba macho kabla ya kufyatua zile 180. Mzee unisamehe, nimechukua 165. Nimeipangia igonge inchi moja na nusu juu ya ninapolenga kwa yadi 100, ili kwa 200 iwe sawasawa. Za shaba nitazijaribu mwakani, pesa ikiruhusu.

Mzee wa Kilombero
Bunduki imechagua, sina ugomvi nayo. Ukishapiga, angalia kwa makini aliposimama, si alipopotelea. Kisha kaa juu ya mti dakika kumi na tano. Ukimfukuza angali na nguvu, atakupeleka mbali.

Abu_Salma
Mzee, hapo kwa sisi tunaopenda kumkuta hai tumchinje ni mtihani. Wapo masheikh wanaoona Bismillahi wakati wa kufyatua inatosha, lakini mimi moyo wangu hutulia nikishachinja. Akianguka nikimwona, nateremka hapo hapo na kisu. Akipotelea vichakani, nasubiri kama ulivyosema.