Leveli moja kwa wote, au kila mtu na jasho lake?

Meza_ya_Ntinda
Wapendwa, naomba ushauri kabla meza yangu haijavunjika. Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa hadithi na dadu, kila Jumapili saa nane mchana hapa Ntinda, Kampala. Tuko sita pamoja nami mwongozaji, ninayesimulia hadithi. Pointi za uzoefu, zinazompandisha mhusika leveli, nagawa kwa aliyehudhuria tu. Miezi saba imepita: wawili wako leveli ya 6, wawili ya 5, na mmoja, nesi wa zamu za usiku, bado yuko ya 3. Wiki iliyopita mhusika wake, mchawi, alipigwa uchawi wa tufe la moto raundi ya kwanza, akalala chini, na mwenyewe akakaa karibu saa nzima akitutazama tukicheza. Kisha akakunja karatasi yake akasema anawahi taksi. Hakununa. Angenuna ningejua la kumwambia.

Niendelee hivi? Niwape wote pointi sawa, aliyekuja na asiyekuja? Au nifute pointi kabisa, wapande pamoja hadithi ikifika pahali pake?

DaduNane
Mzee, tazama hesabu kwanza. Tufe la moto ni dadu nane za nyuso sita, wastani wa madhara 28. Mchawi wa leveli ya 3 ana uhai wa 17 hivi. Hata akipunguziwa nusu ya madhara, anabaki anachechemea.

Halafu si kila pengo ni sawa. Kati ya 5 na 6 hutaona tofauti kubwa. Kati ya 4 na 5 ni korongo: mpiganaji anaanza kupiga mara mbili, mchawi naye ndipo anapopata hilo tufe la moto, na bonasi ya umahiri, ile unayojumlisha kwenye dadu, inatoka 2 kwenda 3.

Ila toleo la tano lina dawa yake ndani. Leveli ya 3 ni pointi 900, ya 5 ni 6,500, ya 6 ni 14,000. Anza leo kugawa sawa: wa leveli ya 5 wakishapata zile 7,500 za kupanda, nesi wako atakuwa na 8,400 na zaidi, yaani ameshafika 5. Pengo linajiziba lenyewe, mradi aje.

Binti_wa_Mukono
"Mradi aje." Hapo ndipo penyewe.

Mimi ni wa meza hiyo hiyo, na mwongozaji ananijua. Natoka Mukono, taksi halafu boda, mvua ikinyesha nafika viatu mkononi. Sijakosa kikao hata kimoja. Leo niambiwe aliyekosa vikao vya miezi miwili ana leveli yangu? Nesi nampenda, ni rafiki yangu, lakini hapana. Nipeni basi kitu ambacho yeye hana.

Babu_Kete
Vijana mna haraka ya usawa. Katika sheria za AD&D, toleo la zamani la mchezo huu, za mwaka 1978, kufika leveli ya 2 mwizi alihitaji pointi 1,251, mpiganaji 2,001, mchawi 2,501. Tofauti ilikuwamo ndani ya kitabu na watu walicheza. Lakini niseme kweli: wakati huo mhusika akifa ulichora mwingine ukaendelea. Hakuna aliyemwandikia historia ya kurasa nne.

Ndugu_Kansanga
Sisi tulihamia Call of Cthulhu, mchezo mwingine wa aina hii, wa visa vya kutisha. Leveli hakuna. Ukitumia ujuzi ukafaulu unautia alama, mwisho wa kisa unarusha dadu za mia: ukizidi kiwango ulichonacho, unaongeza hadi 10. Aliye chini hupanda upesi, aliye juu hupanda kwa taabu. Ila kampeni ya miezi saba usiivunje kwa hili. Wapandishe wote pamoja, na wanaohudhuria uwalipe ndani ya hadithi: upanga, cheo, mfalme anayelijua jina lao.

Meza_ya_Ntinda
Asanteni. Nimefuata la Ndugu: wote leveli ya 6 kuanzia Jumapili, pointi nimefuta. Binti wa Mukono, ile ngome ya mtoni sasa ni yako, na walinzi kumi na wawili. Usiwauze.

Nikampigia nesi kumpa habari njema. Akacheka. Kumbe leveli hata hakuwa anaihesabu. Anatoka kazini asubuhi, na saa nane ndiyo kwanza usingizi umemkolea. Ameomba tuanze saa kumi.

Binti_wa_Mukono
Ngome nimepokea. Lakini saa kumi? Mimi nirudi Mukono saa ngapi?

Meza_ya_Ntinda
Saa moja kamili nafunga kitabu, hata kama joka limebakiza uhai wa 2.

Binti_wa_Mukono
Saa moja kasorobo. Na rolex, ile chapati ya mayai, unanunua wewe.