Steshenari Ngamiani: Windows 11, Windows 10 au Linux kwa kompyuta kuukuu?

Muuza_Karatasi: Wakuu, habari za asubuhi. Nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga: barua, fotokopi, CV za vijana. Mashine ni Core i3 kizazi cha 3, RAM 4GB, Windows 7 mpaka leo. Tovuti za maombi ya kazi zimeanza kugoma. Kuna jamaa ananiuzia Windows 11 kwenye flashi, anasema inaingia popote. Nitoe hela?

FundiChumbageni: Usitoe. Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha 8, na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Kwa ujanja itaingia, ila Microsoft hawakuhakikishii masasisho, na kwa RAM hiyo utakuwa unabofya kisha unakwenda kunywa chai. Halafu leseni ikikataliwa mwezi ujao, jamaa utamkuta wapi?

Mama_Raskazone: Si aweke 10? Mie ninayo, haina neno.

FundiChumbageni: Mama, huduma yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Inawaka, sawa, ila sasisho za usalama ni za waliojiandikisha kwenye huduma ya nyongeza, nayo ni ya muda. Mashine ya steshenari huchomekwa flashi za mtaa mzima!

Pongwe_Juu: Weka Linux Mint badala ya Windows, toleo jepesi la Xfce. Bure, na 4GB inatosha. Usifute kitu: iandike kwenye flashi, washia humo, jaribu printa na skana kwanza. Hela ya jamaa nunulia SSD, diski ya kasi.

Muuza_Karatasi: Nimejaribu jana baada ya kufunga duka. Printa imekubali yenyewe. Skana imegoma. Nikafungua CV ya mteja kwenye LibreOffice, mbadala wa Word, jedwali la elimu likadondokea ukurasa wa pili, jina la shule huku, mwaka kule.

Pongwe_Juu: Hiyo ni fonti ya Calibri, Mint haiji nayo. Weka Carlito, upana wa herufi ni uleule. Na mteja mpe PDF.

Mama_Raskazone: Na anayetaka Word yenyewe?

Muuza_Karatasi: Ndiye huyo huyo anayelipa, mama. Basi nanunua SSD, naweka Mint kwa mambo ya mtandao. Diski ya zamani naiacha na Windows 7 kwa skana na Word, bila intaneti.

FundiChumbageni: Sawa, ila flashi za wateja zipitie Mint kwanza. Njoo na bisibisi, SATA ya pili, tundu la kuchomekea diski, huwa imejificha chini ya kebo.